Kulipia mafunzo ya kucha kwa kupenda tu: namna ya kuamua ukiwa Lubumbashi

Anayetaka kupaka verni (rangi ya kucha) ya kawaida, kucha zake na za dada zake Jumamosi mchana, hahitaji mwalimu. Chupa chache na subira vinatosha. Anayetaka kuweka jeli, akriliki au kapsuli (ncha za plastiki za kurefusha ukucha) ameingia kwenye kemia, na kosa la kemia haliishii kwenye rangi iliyokwaruzika. Linafika kwenye ngozi, kwenye kifua na kwenye mzizi wa ukucha. Swali la kulipa linakaa katikati ya hao wawili, na wengi hulijibu kinyume: wanalipia kile ambacho wangejifunza wenyewe, kisha wanajifunza kwa simu kile ambacho ni hatari kujifunza peke yako.

Mwongozo huu ni wa mtu asiyetaka kufungua saluni. Ana kazi yake au masomo yake, anapenda kucha, na ameona tangazo la mafunzo ya wiki mbili mahali fulani kwenye komini ya Kampemba au ya Kenya, hapa hapa mjini. Msimamo wetu tunautaja mapema: ukilipa, lipia saa ambazo mtu anakaa kando yako, anaangalia mkono wako na kukusahihisha. Cheti na sanduku la vifaa vinakuja nyuma sana.

Kwanza, taja unachotaka kuweka kwenye ukucha

Neno "kucha" kwenye tangazo linabeba kazi nne tofauti, na bei hufuata ile iliyo ngumu zaidi hata kama wewe hukuitaka.

Verni ya kawaida hukauka kwa hewa, kwa sababu kiyeyushi chake kinaruka na kuacha rangi. Inatoka kwa disolvan, yaani maji ya kuondolea rangi. Kundi hili linabeba pia kucha za bandia za kubandika kwa ajili ya harusi na kuzibandua kesho yake. Usilipe mafunzo kwa ajili ya haya.

Semi-permana, yaani verni ya jeli, haikauki kwa hewa. Inaiva ndani ya taa, inakaa wiki mbili hadi tatu, na inatoka kwa kufungiwa pamba yenye asetoni dakika 10 hadi 15. Hapa mafunzo mafupi yana maana. Siku tatu au nne za vitendo vya kweli zinatosha kwa mtu ambaye tayari mkono wake unapaka vizuri.

Jeli ya kujengea na akriliki hurefusha ukucha, juu ya kapsuli au juu ya fomu ya karatasi. Kazi hii inadai mkono unaojua kujenga kilima kidogo pale ukucha unapobeba mkazo, kusawazisha pande, na kujaza upya kila wiki mbili au tatu ukucha unapokua. Hakuna anayeijua kwa siku tatu, hata tangazo liseme nini.

Ya nne ni michoro na mapambo. Inatisha kwa macho, lakini ndiyo unayoweza kujifunza peke yako kwa kipande cha plastiki na brashi nyembamba, maana ngozi ya mtu haimo. Shule inayotumia nusu ya saa zake kwenye maua na vijiwe vya kung'aa inakuuzia sehemu rahisi.

Andika kwenye karatasi ni ipi kati ya hizo nne unayoitaka. Ukiandika zote, rudi baada ya hatua inayofuata.

Wiki sita bila kulipa

Mapenzi ya kucha yanapimwa kwa kurudia. Panga kupaka mara mbili kwa wiki kwa wiki sita, jumla mara 12, na angalau nne kati ya hizo ziwe kwenye mikono ya watu wengine. Kinachohitajika ni verni ya msingi, verni ya juu, rangi moja iliyokoza na moja hafifu, tupa ya namba 180 na nyingine ya 240, vijiti vya mti, disolvan na pamba. Rangi iliyokoza, nyekundu au nyeusi, ndiyo mwalimu wako wa wiki hizi: haifichi kosa hata moja. Hafifu inasamehe, lakini inaonyesha mistari ya brashi.

Anza kwa kunawa na kukausha, lakini usiloweke mikono. Ukucha hunywa maji, unatanuka kidogo, kisha unarudi umbo lake ukikauka, na rangi iliyo juu haiwezi kufuata, inapasuka. Ukishaloweka, subiri saa moja. Piga tupa ukielekea upande mmoja, kutoka pembeni kuja katikati, bila kukereza kwenda na kurudi. Kigozi cha mwanzo wa ukucha kisukume kwa kijiti, usikikate. Kazi yake ni kuziba mlango ambao vijidudu wangepitia, na jeraha dogo hapo linaweza kuvimba na kutunga usaha ndani ya siku chache.

Futa uso wa ukucha kwa disolvan hata kama hauna rangi, kwa sababu mafuta ya ngozi ndiyo adui wa kwanza wa verni. Paka msingi mwembamba, ngoja dakika 2. Brashi ya rangi ifute upande mmoja kwenye mdomo wa chupa, iache na tone upande wa pili. Weka tone katikati ya ukucha, lisukume nyuma taratibu hadi ibaki nafasi ndogo, isiyozidi milimita moja, kabla ya ngozi, kisha vuta mara tatu: katikati, kushoto, kulia. Ngoja dakika 3, rudia, kisha verni ya juu. Kila mara pitisha brashi kwenye ncha ya ukucha, ukingoni kabisa. Wengi hukiruka kipande hicho, halafu wanailaumu chupa.

Kwenye daftari andika mambo matatu: dakika ulizotumia, siku rangi iliyokaa kabla ya kubanduka mara ya kwanza, na ilibandukia wapi. Ikibandukia ncha, hukufunika ukingo au mwenye kucha anafungulia vitu kwa kucha. Ikinyanyuka kama ngozi ya kitunguu kutoka mwanzo wa ukucha, uliacha mafuta au ulipaka juu ya kigozi. Ikiwa na vipovu, tabaka lilikuwa zito au chupa ilitikiswa. Chupa huviringishwa kati ya viganja, haitikiswi.

Mwisho wa wiki sita, kipimo chetu ni hiki. Ulitimiza angalau mara 9 kati ya 12? Unamaliza kucha kumi ndani ya dakika 45? Rangi inakaa siku nne kwa mtu anayeosha vyombo na kufua? Kama mara zilikuwa tano tu, fedha yako ibaki mfukoni, kwa sababu mwalimu haongezi hamu. Kama umetimiza na bado unataka, tena rangi inayobanduka siku ya tano imeanza kukukera, basi swali la kulipa limeiva.

Kitu ambacho video haikuoneshi

Jeli haikauki, inaiva. Ndani yake mna kemikali za jamii ya akrilati na kichocheo kinachoamshwa na mwanga wa taa, kwa kawaida kati ya nanomita 365 na 405. Mwanga ukitosha, chembe ndogo zinashikana kuwa plastiki. Usipotosha, juu panakuwa pagumu na chini panabaki pabichi, na wewe huoni tofauti. Jeli hiyo nusu mbichi inalala juu ya ukucha wiki mbili, na ile iliyogusa ngozi inaingia ndani.

Hapo ndipo mzio unapozaliwa. Dalili ni kuwasha, wekundu kando ya kucha, malengelenge madogo kwenye ncha za vidole, wakati mwingine hata kope zinabambuka kwa sababu tunajigusa uso. Mwili ukishaikataa akrilati, kwa kawaida unaikataa maisha yote. Na ubaya wake hauishii kwenye kucha: kemikali za jamii hiyo hiyo zimo kwenye baadhi ya vijazio vya meno na kwenye saruji ya mifupa inayotumika kwenye upasuaji wa nyonga na magoti. Mtu aliyecheza na jeli akiwa na miaka 20 anaweza kulipia akiwa na miaka 60 kwenye kiti cha daktari. Umoja wa Ulaya umeagiza bidhaa za kucha zenye HEMA, akrilati inayojulikana sana kwa mzio, ziandikwe kuwa ni za mafundi tu, na tangu tarehe 1 Septemba 2025 umepiga marufuku kichocheo kinachoitwa TPO kwenye vipodozi. Chupa zinazofika sokoni kwetu hutoka pande nyingi, kwa hiyo soma orodha ya viungo mwenyewe. Chupa isiyo na orodha usiinunue.

Jeli inabaki mbichi kwa sababu tatu. Tabaka limekuwa nene, hivyo mwanga haufiki chini. Taa si ile ambayo jeli hiyo ilitengenezewa, na wati zilizoandikwa kwenye boksi hazisaidii kitu kama urefu wa mawimbi haulingani. Au kidole kimekaa vibaya: dole gumba hulala ubavu, taa inapiga pembeni. Ndiyo maana vidole vinne huivishwa pamoja na madole gumba peke yake, yakiwa yamelala sawasawa. Mwalimu mzuri anaona kidole kilichoinama kabla wewe hujabonyeza taa. Anaona pia jeli iliyomwagikia ngozi, na anakushika mkono uifute kwa kijiti kabla ya mwanga, kwani ikishaivia hapo inakuwa daraja: itanyanyuka ndani ya siku tatu, na maji yataingia chini.

Mteja akivuta mkono kutoka kwenye taa akisema kunachoma, hajidekezi. Jeli inapoiva inatoa joto, na tabaka nene linatoa joto jingi kwa sekunde chache. Anatoa mkono, anasubiri, anarudisha. Na wewe mara nyingine unapaka nyembamba.

Akriliki ina tabia nyingine. Haitaki taa. Maji yake, yaani monoma, hukutana na unga kwenye brashi na kuanza kushikana hapo hapo. Kipimo cha kawaida ni sehemu moja na nusu ya maji kwa moja ya unga. Tone la kipimo hicho linakaa kwenye brashi bila kudondoka, na likiwekwa kwenye ukucha linatanuka taratibu kama asali ya asubuhi. Likitiririka kwenye ngozi, maji yamezidi, na maji yaliyozidi ni monoma mbichi, yaani mzio tena. Likibaki na chembechembe, unga umezidi na litanyanyuka. Kulijua tone kwa macho kunachukua mamia ya matone, na mtu wa kukuambia "hili hapana, hili ndiyo" anakupunguzia nusu ya mwaka.

Kuna monoma mbili za kutofautisha. Ile inayokubalika ni EMA. Nyingine, MMA, ni ya bei ya chini. Marekani mamlaka ya chakula na dawa iliyaondoa sokoni maji ya kucha ya MMA tupu miaka ya 1970 baada ya malalamiko ya kucha kuharibika na mzio. Inakuwa ngumu kuliko ukucha wenyewe, kwa hiyo ukijigonga mlangoni ukucha wa bandia hauvunjiki, unang'oka na wa asili. Inatambulika kwa harufu kali inayojaza nyumba nzima, kwa kukataa kuyeyuka kwenye asetoni hata baada ya nusu saa, na kwa chupa isiyotaja kilichomo.

Halafu kuna mashine ya kusaga, ambayo mafundi wengi hapa huiita kwa jina lake la Kifaransa, ponsezi. Ukucha wa mkono una unene wa karibu nusu milimita tu. Unakua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo shimo ulilochimba karibu na mzizi litachukua miezi minne hadi sita kutoka. Mashine za bei ndogo hujigamba mizunguko 35,000 kwa dakika. Karibu na kigozi fundi mwenye mafunzo anatumia 5,000 hadi 8,000, na kichwa cha mashine hakitulii mahali pamoja. Ukiona pete nyekundu zinazouma kwenye mwanzo wa ukucha, fundi aliinamisha kichwa cha mashine. Kama ni kwa kupenda tu, unaweza kuishi miaka bila mashine hii. Tupa ya mkono ni polepole, na upole wake ndio unaokulinda.

Kwenda kuona kabla ya kujiandikisha

Usijiandikishe kwa simu. Nenda siku ya kazi, katikati ya somo, omba ukae nusu saa. Anayekataa bila sababu amekwisha kukujibu. Kabla ya macho, tumia pua: chumba kilichofungwa chenye harufu ya kukata pumzi kinakuambia kuhusu MMA au kuhusu dirisha, na yote mawili ni mabaya. Kisha angalia mikono ya wanafunzi. Wanavaa glavu za nitrili? Vumbi linafutwa kwa kitambaa chenye maji au linapeperushwa na feni usoni pa mwenzao? Barakoa ya vumbi, ile ya FFP2, inazuia unga. Mvuke inauacha upite, kwa hiyo haiwi badala ya dirisha.

Uliza kwa adabu, lakini uliza kwa hesabu. "Mama, kwa zamu moja wanafunzi ni wangapi, na walimu ni wangapi?" Zaidi ya sita kwa mwalimu mmoja, utajifunza kwa kuchungulia. "Kila mmoja wetu atafanya mikono mingapi ya watu halisi kabla ya kumaliza?" Kwa semi-permana tungetaka angalau mikono minane, na kwa akriliki kumi na miwili, ikiwemo kuondoa na kujaza upya. Kuondoa kunasahaulika sana, wakati kucha nyingi huharibikia pale pale, kwa mtu anayebandua kwa nguvu badala ya kusubiri asetoni.

Swali linalochuja kuliko yote ni hili: chombo cha chuma kinafanyiwa nini kati ya mtu na mtu? Jibu zuri lina hatua: kinasuguliwa kwa sabuni na brashi, kinakaushwa, kinazamishwa kizima kwenye dawa ya kuua vijidudu kwa dakika zilizoandikwa kwenye chupa, mara nyingi 10. Tupa ni ya mtu mmoja. Wembe unatumika mara moja na kutupwa kwenye chombo kigumu. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 angalau, hata damu isipoonekana. Wakikuonyesha kijisanduku chenye taa ya buluu kama jibu lote, elewa kuwa hicho kinafaa kuhifadhia chombo kilichokwisha safishwa tu. Maji ya javel yanaua vijidudu, lakini yanakula chuma. Koleo litashika kutu.

Uliza pia INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye kituo Lubumbashi, kama kwa kipindi hicho kuna somo la urembo, na ulinganishe saa. Hata lisipokuwepo, utakuwa umepata picha ya namna programu yenye saa zilizoandikwa inavyoonekana. Kuhusu cheti: kama hutafuti kazi, kina thamani ya fremu yake. Usikubali kiongeze bei.

Hesabu ya dakika

Tuchukue takwimu za mfano tu, utie za kwako. Ada dola 120, siku 10 za saa 3, jumla saa 30. Uliuliza ukaambiwa nusu ni maelezo na kutazama. Zimebaki saa 15 za vitendo, wanafunzi kumi, mwalimu mmoja. Macho ya mwalimu yatakuwa juu ya mkono wako kwa saa moja na nusu. Dola 120 kwa saa moja na nusu ni dola 80 kwa saa.

Sasa nenda kwa fundi unayemwamini, yule ambaye kucha zake ulizikagua kwa watu watatu baada ya wiki mbili na hazikunyanyuka. Mwombe mchana wa siku ambazo hana wateja wengi, Jumatatu au Jumanne, mara tatu kwa saa mbili, umlipe kwa saa. Tuseme dola 10 kwa saa: dola 60, na saa sita zote ni zako. Kwa mtu wa kupenda tu, mara nyingi njia hii inaishinda shule. Inashindwa pale fundi anapofanya vizuri kwa mazoea lakini hajui kueleza kwa nini, au anaposafisha vyombo kwa kuvifuta kwenye aproni. Maswali yale ya usafi muulize na yeye.

Juu ya ada ongeza vifaa. Kama shule inauza sanduku pamoja na mafunzo, omba orodha, kitu kimoja kimoja na bei yake, upite nayo sokoni. Taa na jeli viwe vya kampuni moja. Hapo usibane matumizi. Tupa za namba 180 na 240 ndizo za ukucha wa asili; za 80 na 100 ni za bandia pekee, na sanduku lililojaa hizo mbili limekusanywa na mtu asiyejali. Mashine, vijiwe, unga wa rangi kumi na mbili: acha. Weka pia kando fedha ya vinavyoisha, yaani asetoni, pamba, glavu, spiriti, na nauli ya teksi ya siku zote. Mapenzi haya hufia kwenye glavu ambazo hazikununuliwa tena, mara chache sana kwenye ada.

Kulipa

Lipa kwa mafungu, si kwa mkupuo. Mpangilio wa haki ni theluthi siku ya kwanza, theluthi katikati, theluthi baada ya mkono wa mwisho. Karatasi ya makubaliano iwe na vitu vinne: idadi ya saa, idadi ya juu ya wanafunzi, mikono ya watu halisi utakayofanya, na nini kitatokea umeme ukikosekana. Ukitoa dola mkononi, zitazame mwenyewe kabla hujatoka nyumbani, maana noti iliyochanika kidogo itakataliwa na mtakosana siku ya kwanza. Ukilipa kwa M-Pesa au Airtel Money, hifadhi ujumbe, na bado dai risiti yenye jina la somo.

Umeme, baridi na mvua za hapa

Mji huu una mambo yake ambayo video ya kutoka nje haiyajui. Umeme wa SNEL ukikatika katikati ya tabaka, jeli iliyo kwenye ukucha ni mbichi kabisa, na haifai kusubiri "labda utarudi". Ifute yote kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi. Taa ya betri ni nzuri, ila ichajiwe hadi mwisho kabla ya kila mkono. Taa nyingi za bei ndogo hupunguza nguvu betri inaposhuka huku zikiendelea kung'aa vile vile machoni pako, na umerudi kwenye jeli nusu mbichi. Na usiwashe mshumaa umalizie kazi. Mvuke wa asetoni unashika moto hata kwenye baridi kali, ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini sakafuni hadi kwenye mbabula, jiko la makaa, iliyo mlango wa pili. Monoma nayo inawaka. Siku ya giza, funga chupa, uende ukaongee na wageni.

Kuanzia Mei hadi Agosti kiangazi kina baridi, na asubuhi za Juni na Julai huwa chini ya nyuzi 10. Akriliki inapenda nyuzi 21 hadi 24. Kwenye baridi inachelewa kushikana na inaweza kuganda kwa michirizi meupe kama chumvi, halafu inavunjika. Fanya kazi baada ya saa sita mchana, mteja apashe mikono kwanza, chupa ikae chumbani. Usiipashe juu ya makaa. Oktoba ni kinyume: joto linafanya tone ligande kabla hujalisambaza, hivyo chukua matone madogo zaidi. Jeli nayo inakuwa nzito kwenye baridi na watu hupaka nene bila kujua. Vumbi jekundu la kiangazi linakaa kwenye tabaka lenye kunata. Funga dirisha la upande wa barabara, fungua la uani.

Masika, kuanzia Novemba, tatizo ni maji. Pale bandia iliponyanyuka hata kidogo, unyevu unabaki ndani na bakteria wanaacha doa la kijani. Usilifunike kwa rangi wala usijaze juu yake. Toa bidhaa yote, safisha, kausha, na ukucha ukae wazi hadi doa lisogee mbele na kukatwa. Anayesikia maumivu au kuona usaha aende kituo cha afya. Mwenye kisukari usimkate chochote, sukuma tu.

Wakati wa kujifunza kwenyewe

Siku tatu za kwanza fanyia kapsuli zilizobandikwa kwenye kijiti, usikimbilie vidole. Mkono wa kwanza wa mtu uwe wa anayekubali kukupa saa tatu na kukueleza ukweli wiki mbili baadaye. Usifanyie mtu mmoja kila wiki kwa sababu anapatikana. Kucha zake hazitapumzika na hutaona aina nyingine. Uso wa ukucha wa asili unahitaji tu kuondolewa mng'ao kwa tupa ya 240. Ukiona waridi linazidi kukolea, umekula tabaka, simama. Kuwasha kwa vidole vyako mwenyewe kusikotoka baada ya siku mbili ni amri ya kuacha jeli na akriliki zote, hata kama umebakiza theluthi ya ada. Glavu nene hazitakurudisha.

Ukiamua kuacha

Jeli iliyobaki usiimwage kwenye sinki wala chooni. Isambaze nyembamba kwenye karatasi ya alumini, iivishe kwa taa au iache kwenye jua la mchana hadi iwe ngumu yote, ndipo uitupe. Monoma ichanganye na unga uliobaki, kidogo kidogo, nje ya nyumba, mbali na moto, hadi yawe mawe. Taa ukimpa mtu, mpe pamoja na chupa zake ambazo tarehe yake inasomeka wazi, umwambie ni za taa hiyo. Pamba yenye asetoni itandaze uani ikauke kabisa kabla ya kuitupa, maana takataka za uani mara nyingi huishia kuchomwa jioni, na anayewasha kiberiti huwa ni mtoto aliyetumwa.